Kofia Upande

4 Februari

Kaka,

Sisi hatujambo, na kabla hujauliza, Mama naye hajambo. Nyonga humsumbua asubuhi, ila ikifika saa nne anaisahau, hasa jirani akiwa na habari mpya. Shemeji yako bado anauza nyama sokoni, na sehemu kubwa ya nyama hiyo naona inahamia tumboni kwake. Nimemwongezea suruali kiunoni mara mbili tangu barua yako ya mwisho, kwa hiyo pima mwenyewe umekaa kimya muda gani.

Sasa nije kwenye jambo. Ofisi ya mji imeamua kulifanyia sherehe tangi la maji la kilimani. Mwezi wa saba linatimiza miaka thelathini na moja. Utauliza kwa nini isiwe thelathini. Ni kwa sababu mwaka jana walisahau. Kuna karani mpya, msichana mchangamfu anayevaa viatu vya kupandia mlima hata akiwa ofisini. Anapita kibanda kwa kibanda na daftari, akiandika watu wanakumbuka nini, na hayo yote yatabandikwa ukumbini. Soko zima limeacha kuuza, linakumbuka tu.

Kinyozi amesema kioo chake kinaangalia kilima, na miaka yote hii amekuwa akinyoa visogo kwa kuufuata ule mkanda wa kijani wa tangi. Ndiyo maana nusu ya wanaume wa mji huu wana visogo vilivyoinama kushoto. Mpiga picha amesema kila anayesimama kupigwa picha na tangi nyuma yake hulaza kichwa bila kujijua. Mama Vitunguu amesema mgeni akimuuliza stendi iko wapi, yeye hata hainuki kwenye kigoda. Anamwambia, "Tazama tangi kule juu, Kofia Upande. Nenda upande mkanda unakoshukia." Hajapotea mtu bado.

Na wewe je? Mkanda ule mliupaka wewe na Baba. Mimi nilikuwa na miaka kumi, nimeshika ncha ya mpira wa maji, siku yangu ya kwanza na ya mwisho katika ufundi rangi. Nakumbuka fahari niliyokuwa nayo, na kofia ya Baba iliyokuwa ikiniangukia machoni. Mengine sikumbuki. Karani anataka neno lako, ukurasa mmoja tu. Usiniangushe.

Mdogo wako,
Sindano

Mama anasema nikuandikie uvae soksi.


2 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Barua yako ilikaa posta wiki mbili, siku kumi nyingine ikakaa mfukoni mwangu, kwa hiyo lawama tugawane mimi na posta. Huku salama. Wifi yako anakusalimu, amepanda nyanya kwenye makopo yangu ya rangi, na kila nyanya inayoiva anaileta karakanani niione, kana kwamba ni mjukuu. Magoti yangu yanalia nikiinama, lakini msimamizi bado hataki mtu mwingine achore milia ya mabehewa. Behewa lina urefu wa hatua thelathini, na mstari wangu ukianza kichwani unafika mkiani bila kuyumba unywele. Hilo naweza kujisifu, kwa sababu wewe hupo hapa kunicheka.

Mwambie karani hivi. Nakumbuka siku maji yalipofunguliwa mara ya kwanza. Watu walishuka bombani na kila chombo walichonacho. Mmoja alileta birika la chai. Mama alileta pipa, akalijaza, ndipo akagundua kwamba hawezi kulibeba, akakaa juu yake kulilinda mpaka jioni, akiwagawia umbea wote waliokuwa kwenye foleni. Nakumbuka pia mbuzi waliokuwa wakilala nyuma ya tangi kwa ajili ya ubaridi. Beberu mmoja mweusi alikuwa hapendi wanaume wenye kofia. Nina ushahidi kwenye paja langu la kushoto.

Kuhusu mkanda sina la kusema. Ulipakwa, ukakauka.

Soksi nimevaa.

Kaka yako


15 Machi

Kaka,

Mama kacheka mpaka kakohoa kwa ajili ya lile pipa, kisha akakanusha kila kitu. Nyanya za wifi tumezisifu. Cherehani yangu ya zamani, ile aliyoninunulia Baba, imekatika mkanda, nami nimeitengeneza mwenyewe kwa ngozi ya kiatu. Inakwenda.

Lakini usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimekuomba mkanda, umeniletea mbuzi.

Sasa mambo yamekuwa mazito. Mwenyekiti wa mji amesema tangi litapakwa upya kwa ajili ya sherehe, na safari hii mkanda utanyooshwa. Tena litawekwa bamba la shaba ukutani. Karani amenionyesha maneno yake kwa aibu, maana anajua mimi ni nani. Nayanakili kama yalivyo: "Mkanda wa tangi hili ulipindishwa na kijana wa fundi kwa uzembe. Sasa umenyooshwa." Kwa uzembe, Kaka! Kwenye shaba! Watakaozaliwa miaka mia ijayo hawatajua kwamba ulikuwa mwema, wala kwamba ulinibeba mgongoni kunipeleka shule mvua ikinyesha. Watajua uzembe tu.

Nilimwambia karani, "Andikeni maneno mengine." Akajibu, "Shangazi, nitaandika nini? Mwenyewe hajasema lolote." Ana haki. Asiyekuwepo na lake halipo. Shaba inakwenda kuchongwa mwisho wa mwezi wa tano.

Basi sema ilikuwaje. Baba alikuwa bingwa wa kupima usawa kwa mpira wa maji, na wewe ulifundishwa naye. Inakuwaje mkanda unaanza usawa wa kifua cha aliye jukwaani na kurudi ulipoanzia ukiwa chini kwa dhiraa nzima? Nakumbuka walivyokuita Fundi Upande mpaka wanawake bombani. Nakumbuka Baba alivyokunyang'anya brashi, na mwaka uliofuata ulivyoondoka na begi moja. Umerudi mara tatu tu tangu hapo, ya mwisho tukimzika Baba, na ukaondoka kabla sijamaliza kukuandalia kitanda. Sikuuliza wakati ule. Sasa nauliza.

Sindano


20 Aprili

Mdogo wangu,

Huku wazima, isipokuwa nyanya, ambazo zimeliwa na konokono. Wifi yako yuko katika msiba.

Waache waandike wanavyotaka. Aliyesoma maji siku ile ni mimi, na nilipoulizwa nilikubali. Bamba ni bamba. Mvua itanyesha, ndege watafanya yao juu yake, na baada ya miaka miwili hakuna atakayeweza kulisoma.

Tena nikukumbushe jambo. Baba alilipaka tangi lile upya mara mbili baada ya mimi kuondoka, na mara zote mbili aliufuata mstari uleule uliopinda. Angeweza kuunyoosha akiwa usingizini. Kama yeye aliona vema mji uendelee kulitazama kosa langu kila asubuhi, mimi ni nani wa kulifuta?

Tuliache hapo. Niambie habari za shemeji na kiuno chake.

Kaka yako


9 Mei

Kaka,

Leo sina salamu. Watu wote wazima, na mimi mwenyewe sijui kama ni mzima.

Ofisi imenipa kazi ya kushona pazia la kufunikia bamba siku ya sherehe. Jana nilipanda kilimani na futi yangu kupima ukuta. Nilimkuta fundi mpya, mtu mpole mwenye kipara, amekwisha kupaka tangi lote jeupe. Mkanda wetu haupo, Kaka. Niliutazama ule weupe nikajisikia kama nimeona mtu wa nyumbani amenyolewa nyusi.

Alikuwa anataka kupima mstari mpya, lakini msaidizi wake alikuwa ameshuka kufuata mchanga. Akaniona. "Mama, samahani, unaweza kunishikia ncha hii dakika moja tu?" Ulikuwa mpira mweupe unaoonyesha ndani, mrefu, umejaa maji, kama ule wa Baba. Nikacheka, nikamwambia mimi ni fundi wa zamani wa kazi hiyo. Nikasimama kwenye alama, nikanyanyua ncha yangu, yeye akazunguka na ya kwake. Akasoma. Akakuna kipara. Akasoma tena. Halafu akarudi kunitazama, akapiga kelele:

"Mama! Toa kidole!"

Nikatazama mkono wangu. Kidole gumba kilikuwa kimekaa juu ya mdomo wa mpira, kimeuziba kabisa. Sikukituma. Kilikwenda chenyewe, kama kinachojua njia.

"Maji hayadanganyi," akaniambia, "lakini lazima yapumue pande zote mbili. Ukiyaziba huku, kule yanasimama uongo. Na ukiupima mstari mzima hivyo, kila alama itaangukia chini ya mwenzake, mpaka unarudi ulikoanzia uko kiunoni." Kisha akacheka. "Hiyo ni dalili ya mtoto. Watoto wote huziba, kwa kuogopa kuyamwaga."

Hapo ndipo nikaisikia sauti ya Baba, wazi kabisa, akinivisha kofia yake asubuhi ile: "Shika vizuri, fundi wangu. Usimwage hata tone."

Sikumwaga, Kaka. Hata tone.

Nilikaa kwenye jiwe la mbuzi nyuma ya tangi mpaka miguu ikafa ganzi. Ulijua? Nijibu hilo tu. Mimi hapa, mwenye kibanda kilichoandikwa mlangoni "Mshono Ulionyooka", ndiye niliyeupinda mji mzima, na wewe umelibeba jina hilo miaka thelathini. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna mkutano ukumbini. Nitakwenda kusema.

Sindano


27 Mei

Sindano, mdogo wangu,

Usiende. Nakuandikia nikiwa nimesimama, barua hii iwahi.

Nilijua. Si mwanzoni. Nilikuwa juu ya jukwaa nasoma maji na kupaka hapohapo, maana mgeni rasmi alikuwa anafika saa tisa na Baba alikuwa chini anakoroga rangi na kumsihi Mungu. Ukuta wa mviringo ukiwa umeusogelea huwezi kuona umepinda. Nilikuhamisha alama kwa alama, nawe ukahama kimya, mtiifu kuliko watoto wote niliowahi kuwaona. Nilipozunguka nikarudi tulikoanzia, mkanda haukukutana. Nikageuka kukutazama. Ulikuwa umesimama wima kama askari wa gwaride, kofia ya Baba imekufunika mpaka puani, na kidole kimeziba mpira. Hukuniona. Ulikuwa unatabasamu peke yako.

Baba akapanda, akaona. Akauliza, "Nani amesoma maji?" Nikasema ni mimi. Hilo si uongo. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nilipaswa kutazama ncha zote mbili. Ulikuwa umemlilia Baba mwaka mzima akuchukue kazini, na watu walikuwa wamemwambia mtoto wa kike ataleta balaa kwenye jukwaa. Ningesema neno moja tu, ungerudishwa jikoni na usingepewa tena kitu cha kupima. Leo unapima mji mzima, mabega na viuno. Sijutii.

Kilichoniuma ni Baba. Hilo nakwambia wewe, na usimwambie mtu. Alikufa akidhani sikujifunza kitu kutoka kwake. Nachora mistari ya mabehewa miaka yote hii, na kila nikimaliza mmoja husogea nyuma kidogo, kana kwamba kuna mtu atakuja kuukagua. Haji.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kaa na cherehani yako.

Kaka yako


14 Juni

Kaka yangu,

Barua yako ya kunizuia imefika siku tisa baada ya mkutano. Posta yetu kwa mara ya kwanza imefanya kazi nzuri kwa kuchelewa.

Nilisimama. Maji nilikwisha kuyavulia nguo, ikabidi niyaoge. Nikasema, "Aliyepinda mkanda si kaka yangu. Ni kidole hiki hapa," nikakiinua. Nikawaeleza mpira, maji, kofia, yote. Halafu Mama Vitunguu akaanza kucheka, lile cheko lake la tumboni, na baada yake ukumbi wote. Kinyozi akasimama akidai nimwombe radhi kwa niaba ya visogo vyote vya mji. Shemeji yako akasema sasa ameelewa kwa nini suruali zake hazimkai. Nikamwambia hizo hazina kosa, kosa ni la anayezivaa.

Kicheko kilipokwisha, Mama Vitunguu akauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiria. "Sasa mkiunyoosha, wageni nitawaelekeza stendi kwa kutumia nini?" Mpiga picha akasema katika albamu zake zote watu wamelaza vichwa, watoto wataziona na kudhani babu zao walikuwa wagonjwa wa shingo. Karani akasimama na viatu vyake, akasoma daftari lake: katika kumbukumbu mia moja na kumi na mbili, hakuna hata moja inayosema tangi lina kosa. Maneno yale ya bamba yamefutwa. Wakapiga kura kwa mikono, na mwenyekiti mwenyewe akainua wake akijifanya anajikuna. Mkanda unarudi upande, vilevile ulivyokuwa.

Tatizo ni kwamba fundi mpya hawezi. Alisema kwa upole wake, "Mimi nilisomea kunyoosha. Kupinda sikufundishwa." Na mstari wa zamani hauonekani tena chini ya ule weupe.

Ila hilo silo nililotaka kukuandikia.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza Mama kama amenikasirikia. Akavua viatu polepole, akasema, "Kukukasirikia kwa jambo gani? Baba yenu alijua tangu siku ile." Nikaketi. Akaendelea: "Fundi gani wa maji asiyejua dalili ya kidole? Alirudi nyumbani akaniambia, huyu mkubwa amemfichia mdogo wake. Brashi alimnyang'anya ili aseme mwenyewe. Hakusema. Mwaka ukaisha, mtoto akaondoka, na Baba yenu akabaki na ile brashi mkononi."

Nikauliza kwa nini basi aliupaka umepinda mara zote mbili. Haya ni maneno ya Baba, Kaka, Mama ameyarudia mara tatu ili niyaandike sawasawa: "Mstari huu wamenichorea wanangu wawili, mmoja kwa kutii, mwingine kwa kunyamaza. Mimi ni nani niunyooshe?"

Alikuandikia barua mara kadhaa. Zote alizichana, akisema haya ni ya kusema uso kwa uso. Alingoja useme, nawe ukangoja aulize. Mama anasema mlikuwa mpira uliozibwa ncha zote mbili. Alilia kidogo, kisha akaniuliza kama umevaa soksi.

Mpira wa Baba bado upo stoo, umening'inia kwenye msumari uleule. Na brashi.

Mdogo wako,
Sindano


29 Juni

Sindano,

Barua yako niliisomea karakanani, nikiwa nimekaa chini ya behewa ili nisibughudhiwe. Nililia mpaka mafundi wakaja kuniuliza. Nikawaambia ni harufu ya rangi. Hakuna aliyeamini, maana naivuta harufu hiyo miaka thelathini bila kupiga hata chafya. Jioni nilimsomea wifi yako. Yeye alikwenda kushusha begi juu ya kabati.

Msimamizi amenipa mwezi mzima. Nilimwambia nina mstari nyumbani sijaumaliza, akadhani namtania.

Tunafika Jumamosi ya tatu ya mwezi wa saba, basi la asubuhi. Usije kutupokea stendi, nitakuja mwenyewe sokoni kwa miguu. Nataka nimuulize Mama Vitunguu njia, nijifanye mgeni, nione kama ataweza bila mkanda.

Mwambie Mama soksi ninazo jozi sita. Mwambie fundi mwenye kipara akoroge kijani, kile cha majani ya mwanzo wa mvua, na asiguse ukuta. Mpira wa Baba uteremshe msumarini, uuoshe, uujaze maji. Kofia yake itafute pia, hata kama siku hizi haitakufunika pua.

Kisha usimame palepale uliposimama siku ile, ushike ncha yako. Na kidole, mdogo wangu, tafadhali usikitoe.

Kaka yako,
Fundi Upande